Risala ya Mawakili Wanawake wa Ruvuma kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuwapokea Mawakili Wapya, Songea

Mheshimiwa Jaji, Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Mahakimu,
Mawakili wenzetu na wasaidizi wa kisheria,
Wazazi na walezi mliowasindikiza mabinti zenu,
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha majalada yako na kuja kuketi nasi.

Leo tunawapokea dada zetu waliomaliza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, wakaapishwa, na wakaamua kufungua kazi Songea, Mbinga, Namtumbo na Tunduru. Mlango waliopitia ni mwembamba. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka iliposikia kwamba katika wanafunzi 633 wa Taasisi hiyo, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Kwa hiyo mtu akiuliza kama binti huyu amerudi mkoani kwa kukosa nafasi Dar es Salaam, tunamjibu kwamba hapana. Katika ofisi kubwa ya mjini, wakili mpya anaweza kubeba mafaili ya wakubwa wake kwa miaka kabla ya kuhoji shahidi hata mmoja. Hapa atasimama peke yake mbele ya hakimu ndani ya miezi michache. Hiyo ndiyo faida ya mji mdogo, na hatari yake inatoka hapohapo: hana mkubwa wa kumkagulia hati kabla haijaenda mahakamani, na hati ikiharibika, habari zinafika sokoni kabla yeye hajarudi ofisini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mkoa huu una kahawa Mbinga, korosho Tunduru, mahindi karibu kila wilaya, na makaa ya mawe. Kazi ya sheria inafuata mali hiyo: mipaka ya mashamba, mirathi, vyama vya ushirika vya msingi, mikopo, na wafanyakazi walioachishwa kazi. Hata hivyo wakili mwanamke husukumiwa talaka na matunzo ya watoto, na shauri la shamba la ekari 40 likapelekwa kwa mwanamume. Mashauri ya familia ni kazi ya heshima na tutaendelea kuyafanya. Lakini Julie Manning aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975, na hatuoni sababu ya wakili wa leo kuambiwa kwamba kesi ya mpaka inahitaji sauti nzito. Tunawasihi wageni wetu wachague eneo moja la mali mapema, walisome hadi walimudu, na wajulikane kwalo.

Tuzungumzie hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu anaapa kuwa ni ya kweli, kwa sababu kwa maoni yetu ndiyo inayowaangusha mawakili wachanga kuliko kifungu chochote kigumu. Mama anakuja kutoka Peramiho kuomba kuongezewa muda wa rufaa. Wakili anafungua kiolezo cha zamani kwenye kompyuta, anabadilisha majina, anachapa. Aya ya 7 inasema "nimeelezwa na mwanangu kwamba", lakini sehemu ya uthibitisho chini inasema aya zote ni za kweli kwa ufahamu wa mwapaji mwenyewe. Hapo pingamizi limeshapata pa kushika. Uthibitisho sahihi hutaja namba za aya anazozijua mwenyewe, na namba za aya alizoambiwa pamoja na jina la aliyemwambia. Kisha kuna sehemu ya kuapa: mahali, tarehe, na kama Kamishna wa Viapo, yaani wakili au ofisa mwenye mamlaka ya kuapisha, anamfahamu mwapaji yeye mwenyewe au ametambulishwa kwake na mtu anayemfahamu, ambaye naye hutajwa. Kiolezo kikiwa kimeandikwa "Dar es Salaam" na mama aliapa Songea, kiapo hicho kimesema uongo kuhusu mahali kilipoapwa. Hoja za kisheria na maombi havina nafasi ndani ya kiapo. Mwapaji asiyejua kusoma asomewe, iandikwe kwamba amesomewa na ameelewa, ndipo aweke dole gumba. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili lugha ya mahakama, hakuna sababu ya kumwapisha mama huyu kwa maneno asiyoyaelewa.

Jambo jingine la kiapo linaumiza zaidi wilayani. Wakili anayesimamia shauri hawezi kuwa Kamishna wa Viapo katika shauri hilohilo. Mjini unavuka barabara tu. Kwenye mji wenye mawakili wawili, na mmoja wao ndiye anayemtetea mpinzani wako, usipopanga mapema utajikuta siku ya mwisho huna wa kuapisha. Mkubaliane na wakili wa wilaya jirani, na mwapaji afike kwake siku tano kabla ya muda kuisha.

Kuhusu ardhi, kwanza mjue mnamshtaki nani. Mgogoro ukiwa na jirani, unaanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Mwafaka usipopatikana, chukueni hati ya kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, maana bila hiyo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitaligusa shauri, isipokuwa siku 30 ziwe zimepita bila Baraza la Kata kusuluhisha. Baraza hilo husikiliza migogoro ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 300. Lakini mkulima akisema "kijiji kimegawa shamba langu", njia inabadilika kabisa. Halmashauri ya kijiji ni mamlaka ya serikali za mitaa: inatakiwa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, Mwanasheria Mkuu aunganishwe kwenye shauri, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 mashauri mengi yameondolewa kwa kukosa hatua hii, na mkulima huwa ameshapoteza msimu mzima.

Nendeni shambani kabla ya kuandika chochote. Andikeni kilichopo mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, pimeni, pigeni picha za mawe na miti ya mpaka. Tuzo ya mahakama isiyoeleza ardhi ipi haiwezi kukazwa, yaani kutekelezwa, na mteja aliyeshinda kwenye karatasi tu hatakurudia. Msiende peke yenu. Nendeni na msaidizi wa kisheria au mwenyekiti wa kitongoji, na muache ofisini maandishi ya mnakokwenda na saa ya kurudi. Vikao na wateja viwe ofisini, saa za kazi. Anayetaka kujadili faili lake usiku hotelini ajibiwe kwamba ofisi inafunguliwa asubuhi.

Mirathi kwenye Mahakama ya Mwanzo, msisahau kwamba kazi haiishi msimamizi anapoteuliwa. Ana miezi 4 kuwasilisha orodha ya mali kwa Fomu Na. 5 na hesabu kwa Fomu Na. 6. Wajane wengi husumbuliwa baada ya hapo kwa sababu tu hakuna aliyewakumbusha.

Muda uandikwe kwenye daftari la karatasi, siyo kwenye simu pekee: utetezi siku 21 tangu kupokea hati ya madai, mgogoro wa kuachishwa kazi siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani siku 30. Na kwa kuwa tunafungua mashauri kwa mfumo wa kielektroniki, pakieni nyaraka mapema, pateni kumbukumbu namba ya malipo na mlipe ada siku hiyohiyo. Umeme ukikatika usiku wa siku ya mwisho, hoja ya kwanza ya mpinzani itakuwa lini hasa shauri lilifunguliwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wakili mwanamke kijana hapa anaitwa "mwanetu", na mwanetu hutegemewa afanye kazi bure. Dawa yake ni mkataba wa maandishi kabla ya kugusa faili. Ada ya uwakili ikae mstari wake, ikiongozwa na Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015. Ada ya mahakama, nauli na chakula cha mashahidi vikae mstari mwingine. Fedha ya mteja ikae akaunti yake, isichanganywe na kodi ya ofisi. Awamu za malipo zifuate msimu: mkulima wa kahawa hana fedha mwezi Februari, na kumdai wakati huo ni kumfukuza. Asiyeweza kabisa asaidiwe bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na faili liandikwe hivyo tangu siku ya kwanza. Kinachotuumiza ni kazi ya nusu bure ambayo hakuna aliyeitaja.

Tumebakiza la uzazi. Mwajiriwa ana siku 84 za likizo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwenye ofisi yake hana hata moja, na kalenda ya mahakama haimsubiri. Kumwomba mwenzako asubuhi akushikie shauri hakutoshi: hajui faili, hawezi kuendelea na shahidi, na shauri linaweza kufutwa kwa kutohudhuria. Sisi tunakubaliana hivi. Miezi mitatu kabla, mama mtarajiwa anaandika orodha ya mafaili yote yaliyo hai, tarehe inayofuata, hatua iliyobaki na ada iliyolipwa. Mteja anaridhia kwa maandishi. Wakili mwenza anaingia rasmi kwenye shauri kwa jina lake, na mgawanyo wa ada unaandikwa. Dada wapya, majina yenu yameshaingizwa kwenye zamu hiyo, kupokea na kupokelewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuomba utusaidie kupata chumba kidogo cha faragha kwenye majengo ya mahakama kwa wakili, shahidi au mdaawa anayenyonyesha. Meza, kiti na mlango wenye komeo vinatosha. Tunaomba pia mashauri ya mawakili wanaotoka Tunduru, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapa, yapangwe siku moja inapowezekana, na yale ya kutajwa tu, bila kusikilizwa ushahidi, yafanyike kwa njia ya video.

Tunaomba kuwasilisha.