Misuli kukaza si upungufu wa maji peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tatizo la misuli kukaza ghafla, hasa ya kigimbi, ambalo humwamsha mtu usiku akashindwa hata kuukunjua mguu. Mgonjwa huambiwa jibu moja tu, kwamba anywe maji. Mama yangu aliyanywa kwa miezi kadhaa bila nafuu, hadi alipoulizwa dawa anazotumia, ikabainika kuwa alikuwa akimeza dawa ya shinikizo la damu inayoongeza mkojo, ambayo huweza kuupunguzia mwili potasiamu na magnesiamu, madini ambayo misuli huyahitaji.

Sikatai kwamba jasho nalo linahusika. Anayefanya kazi nzito kwenye joto hupoteza maji na sodiamu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, na akifidia kwa maji matupu kupita kiasi huizimua zaidi sodiamu iliyobaki katika damu. Hata hivyo, msuli wa mwanamichezo aghalabu hukaza kwa sababu umechoka: ishara za neva zinazouamuru ujikunje huzishinda zile zinazouzuia. Ndiyo maana kuunyoosha taratibu, kwa kuvuta vidole vya mguu kuelekea kwenye muundi, huleta nafuu kabla mtu hajanywa hata tone la maji.

Tatizo hili huwapata pia wajawazito, hasa katika miezi mitatu ya mwisho, wazee, wenye kisukari, wagonjwa wa ini, na wale wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine. Mtu ambaye vigimbi vyake huuma kila atembeapo, kisha vikatulia akisimama, huenda mishipa yake ya damu imekuwa myembamba, na huyo ni kosa kubwa kumwambia kwamba ni uzee tu.

Linalonitia hofu zaidi ni kwinini, dawa ya malaria. Wapo wanaoimeza ili kuzuia misuli kukaza usiku, ilhali mamlaka ya dawa ya Marekani imekwisha kuonya kwamba, kwa matumizi hayo, yaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kupunguza chembe zinazogandisha damu, hata kusababisha kifo. Vidonge vya magnesiamu havina hatari kama hiyo, lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa haielekei vinawasaidia wazee.

Nawaomba wanaoandika safu za afya, wanapomjibu msomaji mwenye tatizo hili, waanze kwa kumuuliza dawa anazotumia, na wamsihi asiache hata moja kabla ya kuonana na daktari wake.

Msomaji wako