Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa Wanamazoezi wa Dodoma

Ndugu zangu wa Dodoma na Kanda ya Kati nzima, mbukwenyi. Nawatakia Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye afya, ninyi nyote ambao mwaka huu mlitia nia ya kupunguza uzito, kushusha presha au kuuzoesha mwili kutembea, na hasa ninyi mnaoumaliza mwaka kwa kuona haya kwa sababu nia hiyo haikutimia.

Msimu huu una mambo yake. Mvua zetu ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo wengi wanaoamka alfajiri wanakwenda shambani na siyo mazoezini. Wageni nao wanawasili kutoka Dar es Salaam na Mwanza, mbuzi anachinjwa, pilau inapakuliwa, na mwenyeji asiyekula pamoja na wageni wake huonekana amewasusia. Sioni ubaya wowote katika mlo huo. Ubaya huja kesho yake, mtu anapoanza kujitukana.

Dada mmoja wa kikundi chetu cha mchakamchaka alikuja baada ya sikukuu moja, tope jekundu likiwa limeganda kwenye soli za raba zake, akabaki pembeni akilikwangua kwa kijiti badala ya kuingia mstarini. Nilipomfuata akaniambia, "Mimi sina nidhamu, kaka. Nimekula ovyo, sasa leo na kesho sili kitu." Muda mfupi baadaye alitokea mama mmoja aliyekuwa amepotea kwa miezi, na dada yuleyule akampokea kwa mikono miwili: "Karibu tena mama, pole na majukumu." Pole hiyo aliyompa mwenzake kwa moyo mweupe, yeye mwenyewe alijinyima.

Mtafiti Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani, ambaye maandiko yake ya mwaka 2003 kuhusu kujihurumia yanarejewa hadi leo, anataja mambo matatu: kusema na nafsi yako kwa upole, kukumbuka kwamba kuteleza ni hali ya wanadamu wote, na kuyatazama maumivu yako bila kuyakuza wala kuyaficha. Wapo wanaohofu kwamba upole wa namna hiyo huzaa uvivu, na hofu yao naiheshimu, lakini utafiti wa Claire Adams na Mark Leary wa mwaka 2007 ulionyesha vinginevyo. Wanawake waliozoea kujinyima vyakula walipewa donati, kisha baadhi yao wakaambiwa wasijilaumu kwa kuila. Pipi zilipoletwa baadaye, wale walioambiwa maneno hayo walikula chache kuliko wenzao. Kwangu mimi hilo linaeleweka, kwa kuwa anayeamini ameshaharibu kila kitu haoni tena sababu ya kujizuia. Mkulima wa uwele, mvua inapokatika katikati ya msimu na sehemu ya miche ikakauka, hurudishia mbegu palipo wazi na kuipalilia ile iliyosalia.

Kufunga kula kwa ajili ya kujiadhibu kuna hatari pia, maana mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini akiruka milo, sukari yake inaweza kushuka ghafla; asibadili lolote kabla ya kuzungumza na mhudumu wake wa afya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, likisisitiza kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Kazi ya mwili nayo imo katika hesabu hiyo, kwa hiyo anayeshinda na jembe msimu huu asijihesabu miongoni mwa walioacha mazoezi.

Januari tutaendelea kukutana Jumamosi alfajiri. Atakayetaka kukimbia atakimbia, atakayetaka kutembea atatembea, na aliyepotea hataulizwa alikuwa wapi. Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya kwenu na kwa familia zenu.