Mheshimiwa, Kalvati Letu Bado Limeziba

Kwa Mheshimiwa Msimamizi wa Barabara na Mifereji,
Mji wetu, delta ya mto Mackenzie, kaskazini mwa Kanada.

YAH: KALVATI LA MTAA WETU, KWA MARA YA NNE

Mheshimiwa, pokea salamu. Barua tatu za mwanzo nilikuandikia kwa Kiingereza, nawe ukanijibu zote kwa neno moja: tumepokea. Hii ya nne naiandika kwa Kiswahili cha Tanga, lugha ya mama yangu. Uielewe usiielewe, sidhani kama jibu litabadilika.

Alhamisi asubuhi nilikuwa namrudisha bibi mmoja kutoka dukani. Kafungua mlango wa teksi, kashusha mguu juu ya barafu. Kumbe ni utando tu, mwembamba kama sahani, ulioganda usiku juu ya dimbwi. Akazama hadi magotini, vitunguu vyake vikaelea. Nikaingia kumtoa, buti langu la kushoto likanaswa na matope, na limo humo hadi leo. Bibi alicheka. Mimi sikucheka.

Najua utasema ni majira. Sawa, Mei ni Mei. Ardhi ya huku chini imeganda mwaka mzima, maji hayana pa kunywea, lazima yapate njia. Njia yenyewe ni hilo kalvati, Mheshimiwa, nalo limejaa barafu kama chupa iliyosahauliwa kwenye friza. Mimi si mhandisi, ila namshuku greda aliyesukuma theluji ya mtaa mzima mdomoni mwa kalvati mwezi wa pili. Au pengine bomba limebonyea. Njooni mtazame basi.

Oktoba ulisimama mbele yetu, kikombe cha kahawa mkononi, ukasema mashine ya mvuke, ile ya kuyeyusha barafu ndani ya kalvati, itapita kila mtaa kabla theluji haijayeyuka. Theluji imeyeyuka. Tumeshaona vinyesi vya mbwa vya miezi sita, makopo, glavu za mkono mmoja mmoja. Kila kilichofichwa na baridi kimejitokeza, isipokuwa mashine yako.

Alhamisi ile ile, kutoka kwenye dimbwi hilo hilo, springi ya gari ikakatika. Mpya ipo mji wa Whitehorse, mbali huko kusini, na unajua vizuri kama mimi kwamba barabara ya Dempster, njia yetu pekee ya gari kwenda kusini, sasa hivi imekatika kwenye mto Peel na kwenye Mackenzie: barafu haibebi gari tena, na kivuko hakijaanza. Niisubiri, pengine hadi Juni. Kwa ndege? Nauli yake ingeishinda bei ya springi. Basi nipo nyumbani bila kazi, jua limeng'ang'ania hadi usiku wa manane, natazama maji yanavyozipanda ngazi. Nyumba iko juu ya nguzo, alhamdulillahi. Mke wangu ameanza kuiita dau.

Kwetu maji yakifika mlangoni mtu hangoji serikali, anachukua jembe. Jana nilichukua sururu. Iligonga ile barafu ikanirukia, na kiwiko kinaniuma hata ninavyoandika.

Sikuombi lami. Sikuombi taa. Springi sikudai, ingawa makadirio ya fundi ninayo. Leta mashine ya mvuke pale kona, saa moja tu. Hata nusu saa. Kahawa nitapika mimi, ya tangawizi.

Wako katika ujenzi wa mji,
Dereva teksi, nyumba ya mwisho kabla ya mto
(buti moja)