Barua ya Malalamiko: Kiti cha Ngazi Kilichoagizwa kwa Picha za Simu

Milimani,
Kisumu.

Kwa Meneja wa Mauzo na Huduma.

Bwana/Bibi,

KUH: RELI, SWICHI YA USALAMA NA BETRI ZA KITI CHA NGAZI MLICHOTUUZIA

Tunalalamikia kiti mlichotufungia, kile kinachompandisha na kumshusha mama yetu ngazini kwa mota, kikipita juu ya reli. Tunaanza na la hatari, mengine yafuate. Nyaya mbili za swichi ya usalama iliyo chini ya kikanyagio, yaani pale anapowekea miguu aliyeketi, zimeunganishwa pamoja na kuzungushiwa utepe mweusi. Kazi ya swichi hiyo ni kukisimamisha kiti pindi kikanyagio kinapogusa kitu: kiatu, mkongojo, mguu wa mjukuu. Mzunguko wake hukaa umefungwa, yaani umeme unapita. Kikanyagio kikisukumwa, unafunguka na mota inakatika. Nyaya zikiunganishwa namna hii, mzunguko haufunguki kamwe. Kiti tumekizima kwa ufunguo, na mama yetu hatakikalia mpaka mkirekebishe.

Sababu ya fundi wenu kufanya hivyo tunaielewa, ingawa haimtetei. Ngazi za nyumba nyingi za huku humwagwa konkriti papo hapo, na vidato havilingani. Vyetu ni 14, na kimo chake ni kati ya sentimita 16.5 na 18.5. Ukivuta uzi kutoka mdomo (ukingo wa mbele) wa kidato cha juu kabisa hadi wa kile cha chini, kidato cha 11 kinaupita uzi kwa sentimita 2. Reli imenyooka, haipindi kufuata mkono wa mwashi, na ndiyo maana miguu inayoishikilia ina nafasi za kupandisha na kushusha. Ilipaswa reli yote iinuliwe mpaka kikanyagio kikipite kidato hicho bila kukigusa. Badala yake ililazwa chini kabisa, kikanyagio kikawa kinakwaruza hapo, nayo swichi ikakisimamisha kiti kama ilivyotengenezwa kufanya. Swichi ndiyo iliyolaumiwa.

Uzi na tepu vingeyaonyesha haya kabla ya reli kukatwa. Lakini hakuna aliyetumwa kupima. Mliagiza kwa kutazama picha za simu. Ngazi iliyonyooka ndiyo rahisi kuliko zote kuchagulia kiti, kwa kuwa reli haihitaji kupindwa kiwandani, na pengine ndiyo sababu mliona kupima ni kazi bure. Picha haionyeshi urefu wa mteremko juu ya midomo ya vidato, wala sakafu iliyobaki mbele ya kidato cha kwanza, wala mlango unafungukia wapi.

Mlango ndio tatizo la pili. Wa jikoni uko sentimita 25 tu kutoka kidato cha kwanza na hufungukia upande wa ngazi. Reli ya kawaida ni lazima itokeze mbele ya kidato hicho ili kiti kifike chini kabisa. Yenu imetokeza sentimita 34, kwa hiyo mlango unafunguka nusu na kila apitaye anaikwaa. Mahali kama hapa huwekwa reli ambayo ncha yake ya chini hukunjwa, au ile inayoteleza pamoja na kiti na kuondoka njiani. Ya kukunja kwa mkono msituletee. Mkono wa kushoto wa mama umelegea tangu alipopata kiharusi, jambo lililoandikwa kwenye fomu yenu, na kuinama kuinua reli kwa mkono mmoja ndiko kuanguka kwenyewe. Tunataka inayokunjwa kwa mota. Fomu hiyohiyo ingewaambia pia kwamba kitufe cha kuendeshea hakifai kuwa upande wa kushoto. Kukihamishia kulia ni kazi ndogo.

Upana hauna neno: ngazi ina sentimita 82, na kiti kikikunjwa huchukua 36. Uzito wa mama nao uko chini ya kikomo cha kilo 120.

Betri zimekufa. Ni mbili za asidi na risasi, volti 12 kila moja, na kiti huendeshwa nazo hata stima ikiwepo. Stima kazi yake ni kuzichaji tu, kiti kikiwa kimeegeshwa kwenye ncha ya reli, juu au chini. Fundi wenu alivuta waya wa chaja kutoka laini ya taa ya ukumbi, inayozimwa kwa swichi ya ukutani. Taa ikizimwa usiku, chaja nayo inazimika. Betri za aina hii zikikaa bila chaji hujenga sulfati kwenye bamba zake na hazirudi tena kuwa nzima, kwa hiyo jibu lenu la simu kwamba "stima ya Kisumu inapoteapotea" halihusiki hapa. Tunadai betri mbili mpya kwa pamoja, maana mpya ikifungwa na kuukuu huharibika upesi, na soketi ya chaja yenye laini yake.

Taili nne zimepasuka kwa sababu drili iliwekwa kwenye mpigo wa nyundo tangu mwanzo. Taili hutobolewa kwanza kwa keekee yake, bila kupiga, mpaka konkriti ifikiwe. Mguu wa reli kwenye kidato cha 5 unacheza. Skrubu yake imeishia kwenye saruji ya kulazia taili.

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na ya kulindwa afya na usalama wake. Msipoanza kazi katika siku 14, tutalipeleka suala hili kwenye Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Salio lenu tutalilipa baada ya majaribio haya kufanyika mbele yetu: kiti kipande na kushuka kikiwa na mtu, kiatu kiwekwe juu ya kidato nacho kisimame chenyewe kinapokigusa, soketi ya chaja izimwe, kiende kwa betri, na kikifika juu kigeuzwe kuelekea sakafu ya juu, kisha kitufe kibonyezwe ili tuone kwamba hakisogei kikiwa kimegeuzwa.

Ufunguo tunao sisi. Fundi atakayekuja atupigie simu siku moja kabla.

Wenu waaminifu,
Familia ya mteja