Salamu za Pentekoste kutoka Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu wapendwa, nawasalimu nyote, mlio nyumbani na mlio safarini, katika Sherehe hii ya Pentekoste, ambayo huku Bagamoyo hutukuta masika yakielekea ukingoni.

Kwetu sisi tuliobatizwa katika parokia za Mapadre wa Roho Mtakatifu, siku hii ina uzito wake. Shirika lao lilizaliwa Jumapili ya Pentekoste, tarehe 27 Mei 1703, pale Claude Poullart des Places, kijana wa miaka 24, alipojiweka wakfu mjini Paris pamoja na wanafunzi wachache maskini. Kulipenda shirika hilo hakutuondolei wajibu wa kuikumbuka historia yake yote. Baadaye seminari yake iliandaa mapadre wa makoloni ya Ufaransa, ambako watumwa ndio waliolima miwa, na padre aliyelipwa na serikali ya koloni hakuwa mwepesi wa kumkemea mwenye shamba. Mabadiliko yalikuja na François Libermann, mwana wa rabi kutoka Alsace, ambaye jumuiya yake, iliyoundwa mwaka 1841 kwa ajili ya watumwa na walioachwa huru, iliungana na shirika mwaka 1848, mwaka uleule Ufaransa ilipofuta utumwa katika makoloni yake.

Kila Pentekoste, nisikiapo somo la Matendo ya Mitume likisema kwamba kila mtu alisikia kwa lugha yake mwenyewe, humkumbuka Mwenyeheri Jacques-Désiré Laval, mmoja wa wana wa kiroho wa Libermann. Alikuwa daktari kabla ya kuwa padre, na alifika kisiwa cha Morisi Septemba 1841, wakati watu zaidi ya 60,000 walikuwa wametoka utumwani miaka michache tu nyuma. Wengi wao walikuwa na asili ya Madagaska, Msumbiji na pwani yetu hii, maana meli za Wafaransa zilichukua watu Kilwa tangu karne ya 18. Laval alijifunza Kikrioli chao, akaandika katekisimu kwa lugha hiyo, akawafundisha jioni walipotoka kazini, huku matajiri weupe wakimdhihaki. Alifariki tarehe 9 Septemba 1864, na hadi leo Wahindu na Waislamu hulizuru kaburi lake huko Sainte-Croix bega kwa bega na Wakristo.

Hapa kwetu mapadre walivuka kutoka Unguja mwaka 1868. Walikomboa watoto kwa fedha katika soko la watumwa, wakawalea, wakawafundisha kusoma na ufundi. Nao watoto wakafyeka pori, wakapanda minazi, na walipokua wakaozeshwa katika kijiji cha misheni, wakiishi kwa kengele na kanuni za mapadre. Nashukuru kwa kila mtoto aliyeokolewa, lakini naona pia kwamba uhuru waliopewa ulikuwa na mipaka ambayo wao hawakuichora. Baadhi yao, wakiwa tayari na wenzi wao, ndio waliotumwa bara kusaidia kuanzisha misheni ya Mhonda mwaka 1877, na imani yetu ina deni kwao kama ilivyo na deni kwa mapadre.

Wiki iliyopita nilisimama chini ya mbuyu wa misheni. Kwenye shina lake kuna kipande kifupi cha mnyororo kinachochungulia. Sehemu nyingine yote imemezwa na mti. Wageni wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa, kumbe inasimuliwa kwamba Madame Chevalier, aliyehudumia wagonjwa hapa, alimfungia punda wake. Nilikigusa, kilikuwa na kutu na unyevu wa mvua ya usiku, nikawaza wale watoto waliopita hapo mbuyu ungali mchanga.

Jumapili hii nitawasha mshumaa kwa ajili yao. Nanyi nawaombea mapaji ya Roho Mtakatifu, afya njema na amani nyumbani mwenu. Heri ya Pentekoste.