Maadili ya pamoja yaanze na mshahara wa mlinzi

Mhariri,

Kila kukitokea fujo au mauaji, viongozi wa dini hukusanyika hapa Nairobi, husoma taarifa ya pamoja, hupigwa picha, kisha kila mmoja hurudi kwake. Taarifa zenyewe si mbaya, ila hazina ahadi hata moja ambayo muumini wa kawaida anaweza kuikagua.

Msingi upo tangu Septemba 1993, Bunge la Dini za Dunia lilipokutana Chicago na kutoa Azimio la Maadili ya Ulimwengu. Rasimu iliandikwa na Hans Küng, mwanatheolojia Mkatoliki wa Uswisi. Linadai kuheshimu uhai, uchumi wa haki, ukweli na kuvumiliana, na usawa wa wanawake na wanaume. Mwaka 2018 ikaongezwa kutunza mazingira. Halikuomba dini ziunganishwe. Hapo ndipo vikao vya mtaani huharibika: vinafunguliwa kwa sala ya pamoja, baadhi wanahisi imani yao inachanganywa, kikao cha pili hawaonekani. Kila mtu afanye ibada kwake, kazi tufanye pamoja.

Napendekeza tuanze na ujira. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliagiza kibarua alipwe kabla jasho lake halijakauka. Walawi 19:13 inakataza mshahara wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Guru Nanak, mwasisi wa dini ya Masingasinga, alifundisha kwamba kula haki ya mwingine ni sawa na Mwislamu kula nguruwe au Mhindu kula ng'ombe. Hakuna anayehitaji kuacha lake ili kukubaliana hapo.

Basi kila nyumba ya ibada ifungue vitabu vyake. Mlinzi wa langoni, anayefagia, anayepika: wana mkataba wa maandishi, kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyotaka kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi? Wanalipwa tarehe ngapi? Makato ya NSSF yanafika kweli? Majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo bila majina ya wafanyakazi, na baada ya miezi mitatu majirani wa dini nyingine waje wakague. Muumini wa ndani atamwonea haya imamu au mchungaji wake. Wa nje hana sababu hiyo.

Kamati ya ukaguzi huo isiwe ya wanaume pekee. Wanaofagia na kupika wengi ni wanawake, na ndio wa kwanza kuambiwa kazi yao ni sadaka.

Gharama ni karatasi na chai. Mwanasiasa akijitolea kulipa, akataliwe. Linawezekana: Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango uliotolewa na Rais katika kanisa la Soweto.

Ujira ukishanyooka, lifuate agizo la ukweli: vitabu vya harambee vikaguliwe kwa utaratibu huohuo.

Msomaji,
Pangani, Nairobi