Saro na zinki: mazoezi ya Jumamosi

Jambo kwenu, mama na baba marele (wahamasishaji wa afya wa mtaani) wa Ndosho na Katindo, mitaa ya Goma.

Jumamosi saa tatu asubuhi tutafanya mazoezi ya kuchanganya saro, yaani unga wa chumvi na sukari unaotiwa kwenye maji kwa mtoto anayehara. Kila mtu alete chupa anayotumia kwake, tuipime. Makosa mengi yanaanzia hapo: saro ya sashe (pakiti) moja inataka litri moja kamili, na chupa kubwa ya bia haifiki litri. Maji yakipungua, chumvi inazidi na mtoto anaumia zaidi. Kugawa sashe nusu kwa macho pia hapana. Msiongeze sukari wala Fanta, sukari nyingi inavuta maji tumboni na kuhara kunaongezeka. Maji ya bidoni (jerikani) yachemshwe, yapoe kwanza. Saro iliyopita saa 24 imwagwe.

Kila mtoto akihara, anywe saro: chini ya miaka miwili, mililita 50 hadi 100; aliyezidi hapo, 100 hadi 200. Akitapika, mama angoje dakika 10, kisha aendelee kijiko kwa kijiko. Ziwa la mama lisikatwe, hata siku moja.

Zinki ndiyo inayosahaulika. Kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, nusu kwa mtoto wa chini ya miezi sita, hata kama kuhara kumekoma.

Damu kwenye choo, degedege, macho yaliyozama, usingizi usioamshika, au kushindwa kunywa: kituo cha afya mara moja, hata usiku. Njiani saro iendelee kama anaweza kumeza.